Kwa konstebo mpya wa bendi: mtaani ni kugumu kuliko uwanjani

Wadogo zangu mliomaliza depo Moshi na kupangiwa brass bendi, karibuni sana. Najua wapo mlioipokea barua hiyo kwa unyonge. Ulikuwa unaota upelelezi, ukakabidhiwa tromboni. Mimi nimepiga yufoniamu, chombo cha shaba cha sauti nzito kiasi, hadi nywele zikabadilika rangi, na kama ningepewa nafasi ya kuwaambia jambo moja tu kabla hamjashika chombo, ningesema hivi: yaogopeni maonyesho ya mtaani kuliko gwaride la uwanjani.

Gwaride la Desemba 9 kila mtu analiandaa. Sare zinapigwa pasi mara mbili, vyombo vinasuguliwa hadi ujione uso. Lakini onyesho la Jumanne saa nne asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi, au pale stendi katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, utamwona kijana anashuka garini hajapasha hata midomo. Anaona ni kazi ndogo. Mwananchi wa kawaida hukutana na polisi akiwa ameibiwa, amegongwa, au amekuja kumwekea ndugu yake dhamana. Onyesho la mtaani ni moja ya siku chache anazomsogelea askari kwa hiari yake, na mtoto wake mkononi.

Tena gwaride linakubeba. Mwendo wa haraka ni hatua kama 120 kwa dakika, ngoma kubwa inakupa mguu wa kushoto, dram meja anakuonyesha kwa fimbo mahali pa kugeukia. Mtaani hakuna wa kukubeba. Bodaboda inapita katikati ya wimbo, kichanga kinalia, upepo unachukua karatasi.

Mwaka wangu wa pili tulitumwa shule moja pembeni ya mji. Sikutia mafuta kwenye valvu, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, kwa sababu nilijiambia ni watoto tu. Tukaanza Wimbo wa Taifa, wanafunzi wamesimama wima, mikono imenyooka. Valvu ya pili ikashuka, haikupanda. Nikawa nabonyeza na hakuna kinachorudi. Yufoniamu ikinyamaza, bendi inabaki na shimo katikati, na kila mwenye sikio analisikia. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaviangalia vidole vyangu. Hakucheka. Alikuwa anaimba kwa moyo wake wote, na mimi ndiye niliyemwacha peke yake. Tangu siku hiyo kichupa cha mafuta kinakaa mfuko wa kushoto wa shati, hata kama tunakwenda kupiga wimbo mmoja.

Wimbo wa Taifa, ambao sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, mtaupiga kuliko wimbo mwingine wowote. Ndiyo maana ni rahisi kuuharibu. Zambia wana sauti hiyohiyo kwa maneno yao. Siku mgeni akiwa Mzambia mtaipiga mara mbili, na macho yabaki kwenye karatasi na kwa bendi masta, maana vidole vilivyozoea hukimbilia njia ya nyumbani.

Sasa jua. Hili halifundishwi vya kutosha. Mkitafuta sauti mkiwa kivulini halafu mkasimama juani nusu saa, vyombo vya shaba vinapata moto na sauti inapanda. Mliokubaliana vizuri asubuhi, saa tano mnagombana. Kwa hiyo sikilizaneni tena pale pale mtakapopigia, na kila mmoja ajue bomba lake la kutafutia sauti anapaswa kulivuta kiasi gani. Klarineti ya mbao msiiache juani hata dakika tano kati ya wimbo na wimbo. Mbao ikipasuka, imepasuka. Wa ngoma nao, mkikaza ngozi asubuhi penye unyevu, igongeni tena kabla ya kuanza. Kwa upepo, beba vibanio vya nguo, vile vya kuanikia. Vinne vinatosha. Nimewaona wapigaji hodari wakikimbiza karatasi mbele ya mkuu wa wilaya kwa kukosa kibanio.

Na ninyi wenyewe je? Mkisimama muda mrefu msikaze magoti hadi mwisho. Damu hainyanyuki vizuri, kichwa kinakuwa chepesi, na askari mwenye afya anaanguka kifudifudi juu ya chombo chake. Legeza magoti kidogo tu, chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, kunywa maji mapema. Kula asubuhi. Soda kabla ya kupuliza acheni, sukari inagandisha valvu. Karanga vilevile.

Kuhusu nyimbo za kupiga, wageni wengi hudhani watu wa mtaani wanataka bongofleva mpya tu. Watoto, ndiyo. Lakini Pwani bendi si kitu kigeni. Kuanzia miaka ya 1890 kule Mombasa na Lamu watu walicheza beni, wakiiga tarumbeta na mwendo wa askari, na ngoma hiyo ikafika Dar es Salaam na Tanga, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na kwa sauti. Mpaka leo harusi ya Dar bila matarumbeta wengine hawaioni imekamilika. Kwa hiyo yule mzee aliyekaa pembeni kwenye kigoda anajua anachosikiliza. Mpigieni dansi la zamani lililopangwa vizuri, mtaona bakora yake inaanza kugonga ardhi. Jeshi letu lenyewe lilikuwa na Polisi Jazz, bendi ya dansi iliyojulikana kama wana Vangavanga, na watu walilipa kiingilio kuwasikia. Si urithi wa kuuona mdogo.

Wimbo wa watoto upangeni chini kidogo, mahali sauti yao inapofika bila kupiga kelele. Mtu akikuletea karatasi iliyopangwa kwa ajili ya tarumbeta kung'aa, mwambie kwa adabu, "Afande, watoto hawatafika pale juu." Atakusikiliza. Ulizeni pia saa ya adhana kabla ya kupanga ratiba, na ikianza mkiwa katikati, maliza mstari na mnyamaze. Hakuna atakayewapigia makofi kwa hilo, lakini mtaa mzima utakuwa umeona.

Watoto wakisogea, na watasogea, wawekeni mbali na mbele ya tromboni. Ile bomba inayotoka na kurudi inaweza kumpiga mtoto usoni. Mbali na ngoma ndogo pia, kwa ajili ya masikio yao. Wimbo ukiisha, pigeni goti mmoja mmoja na muwaache waguse. Nakumbuka mvulana aliyejificha nyuma ya gauni la mwalimu tangu tuliposhuka garini. Sare ilimtisha. Mpigaji wa tuba akachuchumaa, akageuza mdomo wa tuba umwelekee, akapuliza noti moja ya chini, polepole. Mtoto akaingiza mkono mzima ndani kutafuta sauti inakotoka.

Halafu kuna kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ya muziki. Baada ya bendi kupiga, huzungumza askari wa usalama barabarani au wa Dawati la Jinsia na Watoto. Wakati huo wengine huona ndiyo nafasi ya kukaa kwenye gari na simu. Msifanye hivyo. Simameni, sikilizeni, mjue anachosema na kituo cha karibu kiko wapi, maana wapo watakaowafuata ninyi badala yake. Mwenye chombo mkononi hatishi kama mwenye daftari.

Katika zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, mama mmoja alinisubiri hadi nimemaliza kumwaga maji ya chombo. Alianza kwa kuuliza yufoniamu inauzwa bei gani. Nikamjibu. Akauliza ina uzito gani. Nikampa ashike. Akiwa ameikumbatia, akitazama chini, akaniuliza kama fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa hata kwa mtu aliyeumizwa na mumewe. Sikumuuliza jina wala nini kilitokea, watu walikuwa wamejaa. Sikumwahidi kitu kisicho changu. Nilimwambia ndiyo, inatolewa kituoni, na kwamba yule afande wa kike aliyevaa kofia pale chini ya mwembe ndiye wa dawati. Nikamwomba anisaidie kubeba sanduku la chombo upande ule. Tukatembea pamoja, yeye na sanduku tupu, mimi na yufoniamu, kama watu wanaofungasha vyombo tu, hadi chini ya mwembe. Nikapokea sanduku langu, nikamsalimia afande, nikarudi garini.