Barua kwa mwanangu: kwanza mlete mwenzake

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lamu hatujambo, kaskazi imeanza kuvuma na mamako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza jambo moja: umlishe nini huyu punda jike wako apate nguvu haraka kabla hajazaa. Kisha mwishoni, kwa mstari mmoja tu, ukasema kwamba jioni husimama uani upande wa barabara, hulia, halafu chakula hakigusi. Na kwamba polisi walipolisimamisha lile lori usiku, alishushwa akiwa amefungwa kamba moja na mwenzake. Wewe ukamchukua huyu mwenye mimba, na jirani yako wa ng'ambo ya barabara akamchukua yule wa pili.

Mamangu, jibu lako limo katika mstari huo. Kabla hujanunua hata robota moja la nyasi, nenda kwa huyo jirani umuombe yule mwenzake. Kama hataki kumtoa, muombe amlete alale kwako mpaka huyu azae. Na kama hilo pia haliwezekani, mpeleke wako kwake. Usiogope kwamba mmoja atamwambukiza mwingine. Walishapumua hewa moja ndani ya lori.

Nakuambia kwa nini. Mwaka 1994, wewe hujazaliwa, nilikuwa nikibeba mchanga na mawe kutoka bandarini kupeleka kwenye nyumba zinazojengwa. Nikanunua punda wawili kwa mtu aliyewatumikisha mpaka migongo ikawa vidonda. Mmoja maksai mzee, mwingine jike, rangi yake kama buni iliyokaangwa, tukamwita Kahawa. Mbavu nje, tumbo chini, mimba pevu. Nikamhurumia. Nikasema huyu habebi tena kitu, atakaa kivulini, atakula, atazaa. Nikamfunga peke yake nyuma ya nyumba na beseni la pumba na mahindi ya kusaga, yule maksai nikamkodisha kijiji cha Matondoni.

Siku ya kwanza alikula. Ya pili alinusa akageuka. Ya tatu alisimama uso ukiwa ukutani, masikio yameanguka. Mavi yake yalikuwa vidonge vidogo, vikavu, vimefunikwa utelezi mweupe kama ute wa yai. Nikajiambia amechoka, aachwe apumzike. Siku ya tano nikamkokota hadi ile hospitali ya punda pale ukingoni mwa bahari. Daktari akamtoa damu kwenye kichupa cha kioo, akakisimamisha dirishani, akaendelea kumsikiliza moyo. Tulipokitazama tena, damu nyekundu ilikuwa imetuama chini, na juu yake, mahali panapotakiwa kuwa na maji ya manjano yanayoonyesha upande wa pili, palikuwa na kitu cheupe kizito. Tui. Sina neno jingine, lilikuwa kama tui la kwanza.

Akaniambia: haya ni mafuta yake mwenyewe. Punda akiacha kula, mwili huyavuta mafuta uliyoyaweka akiba ili umlishe yeye na mtoto aliye tumboni. Kwa wanyama wengine ini huyamudu. Kwa punda yanakuja mengi kuliko ini linavyoweza, yanajaa kwenye damu, ini na figo vinaanza kushindwa, na kadiri yanavyozidi ndivyo hamu ya kula inavyopotea. Jike mwenye mimba kubwa ndiye aliye hatarini zaidi. Punda mnene hali hii humfika upesi, lakini mkondefu naye hayuko salama. Na kinachomfanya aache kula si lazima kiwe ugonjwa. Kuhamishwa kunatosha. Kutenganishwa na mwenzake kunatosha.

Kahawa alikufa Ijumaa kabla ya sala, na mtoto wake ndani. Nilimuua kwa huruma yangu, mwanangu, na ndiyo maana neno lako la "haraka" limenitia hofu.

Kwa hiyo jambo la kulinda kila siku ni hili: ale. Kidogo, mara nyingi, bila kukosa hata siku moja. Siku utakayoona ameacha chakula kuanzia asubuhi hadi jioni, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo, mwambie ni punda, ana mimba, na hali chakula, umuombe aitazame damu.

Sasa chakula chenyewe. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu hapewi nafaka. Mahindi na pumba huingiza sukari mwilini kwa nguvu, sukari inapoingia inazivuta chumvi za kwenye damu ambazo moyo unazitegemea, na zilikuwa zimekwisha kwa njaa. Mnyama aliyeokoka njaa huanguka akafa siku chache baada ya kushiba. Basi wiki mbili za mwanzo mpe nyasi kavu safi, zile za boma Rhodes mnazouziana huko kwa robota, na majani makavu ya luseni kiganja kwa kiganja. Mgawie mara tano au sita mchana na usiku, kisha ongeza pole pole. Mabua ya shayiri au ya ngano umwekee wakati wote ayatafunetafune, tumbo la punda limeumbwa kwa kazi hiyo. Wiki mbili zikipita salama, luseni iongezeke, kwa sababu mtoto hukua zaidi miezi mitatu ya mwisho, na tumbo la mama linabanwa hata hawezi kula mengi kwa mara moja. Jiwe la chumvi liwepo. Maji yawe mengi na safi. Punda ana kinyaa kuliko watu wengi ninaowajua, maji yenye harufu hayanywi hata awe na kiu.

Mahindi yenye ukungu usimpe kamwe, hata yale ambayo mbuzi wanakula. Kuna sumu ya ukungu inayokula ubongo wa punda na farasi.

Tumbo lisikudanganye. Punda mwenye mimba huonekana mnene kutoka mbali, na manyoya yake yanaficha mengi. Weka kiganja ubavuni, pitisha polepole bila kukandamiza. Ukihesabu mbavu kama unavyohesabu vidole vya mkono uliokunjwa ngumi, bado ana njaa. Ukizipata kwa kubonyeza kidogo, amefika. Chukua futi ya fundi cherehani, umzungushe kifuani nyuma ya viwiko kila Ijumaa, andika kwenye daftari. Macho ya mtu anayempenda mnyama wake huona anachotaka kuona. Namba zitakuambia kweli.

Uliandika kwamba kijana mmoja amejitolea kumnyunyizia dawa ya kupe anayotumia kwa ng'ombe. Mzuie. Soma chupa kwanza: ikiwa imeandikwa amitraz, isimguse. Hiyo humsimamisha punda matumbo, mavi yanaganda ndani, na anaweza kufa. Kupe mtoe kwa mkono, au umuulize daktari dawa inayofaa. Dawa ya minyoo pia aipange daktari kwa uzito wake. Mnyama dhaifu haongezewi mzigo juu ya mzigo. Ila sindano ya pepopunda usiiache. Punda na farasi ndio wanaoathirika vibaya kuliko mifugo yote kwa pepopunda, na sindano ikidungwa kama mwezi mmoja kabla ya kuzaa, kinga inaingia kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, ambayo mtoto atayahitaji. Kwato zake ulizosema zimepinda kama kiatu cha zamani, zipunguzwe kidogo kidogo, siku akiwa mtulivu. Asiangushwe chini na kufungwa kamba miguu yote. Na mzigo, hata debe moja la maji, hapana.

Umeniuliza atazaa lini. Punda hubeba mimba mwaka mzima, na wengine hufika miezi 13 au hata 14, na kwa kuwa hatujui alipandwa lini, kiwele ndicho kalenda yetu. Umesema hakijaanza kujaa, basi huenda umebakiwa na zaidi ya mwezi mmoja. Kitajaa taratibu wiki za mwisho. Kisha nyama za pande mbili za mkia zitalegea, ukizigusa utasikia zinatikisika kama maandazi mabichi, na siku moja au mbili kabla utaona vitone vya nta kwenye ncha za chuchu. Usizitoe. Hapo lala karibu, lakini si ndani ya banda. Punda akihisi anatazamwa huahirisha, na wengi wao huzaa usiku. Huko kwako Naivasha ni juu na usiku baridi yake naijua, kwa hiyo banda liwe kavu, lenye nyasi nene chini, na yule mwenzake aonekane na kusikika upande wa pili wa fito. Kama mwenzake ni dume lisilohasiwa, fito hizo ziwe imara kweli, kwa maana dume linaweza kumuua mtoto.

Uchungu ukishika sawasawa, mtoto hutoka ndani ya nusu saa. Kwanza kifuko cheupe chenye ubuluu, ndani yake kwato mbili za mbele, moja imetangulia nyingine, nyayo zimetazama chini, na pua imelala juu ya magoti. Ukiona kitu chekundu kama mahameli kinatangulia, kondo la nyuma limebanduka mapema na mtoto hapati hewa: kipasue papo hapo kwa mikono, usimsubiri mtu. Ukiona nyayo zimetazama juu, mpigie daktari huku ukimfanya asimame atembee. Mtoto asimame ndani ya saa moja hivi, anyonye ndani ya saa mbili. Huzaliwa hana kinga yoyote, yote imo kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea saa za mwanzo tu; ikipita siku moja mlango umefungwa. Kondo litoke ndani ya saa tatu. Litandaze chini uliangalie, lina umbo kama suruali. Kipande kikikosekana kimebaki tumboni, na hiyo ni sababu ya kumwamsha daktari.

Najua kwa nini ulimchukua, na mimi nakuunga mkono. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini kwetu. Ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Katikati yake yalifunguliwa machinjio manne kwa ajili ya ngozi za kuchemshia dawa huko China, na wanawake waliokuwa wakiteka maji kwa punda wakaamka asubuhi wakakuta kamba zimekatwa. Serikali iliyasimamisha mwaka 2020, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara hiyo kwa miaka 15, lakini lori lako lilikuwa barabarani usiku vilevile. Wale wawili huenda wametoka zizi moja, labda mkokoteni mmoja. Katika yote waliyonyang'anywa, wamebaki na wao kwa wao.

Mwezi ujao nitavuka bahari hadi Mokowe nije kwa basi, nikae mpaka azae. Kiwele kikianza kujaa kabla sijafika, nipigie saa yoyote, hata usiku wa manane.

Leo jioni nitumie neno moja tu: mwenzake amefika au hajafika, na kama amekula.

Babako