Roketi ikilipuka wanapiga makofi, mashine yako ikitoa moshi wanacheka

Jumapili ile ya tarehe 13 Oktoba 2024, SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk, walipodaka busta (sehemu ya chini inayosukuma) ya roketi yao Starship kwa mikono ya mnara kule Texas, hapa Kampala ilikuwa kama saa tisa na nusu mchana na simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja kijana wa Busia akaniandikia, "Mkubwa, hawa jamaa wamenipa moyo, naacha kazi ya stoo nianze kuunda vitu vyangu." Wengine niliwajibu kwa emoji tu lakini huyu nataka nimjibu vizuri, na nyinyi wengine msikilize maana najua wote mna kitu mnataka kuunda.

Kwanza mkumbuke testi ile ya tarehe 20 Aprili 2023. Starship hiyo hiyo, injini 33 chini, zingine zikazima, sehemu mbili zikakataa kuachana, dakika kama nne tu wakailipua juu ya Ghuba ya Mexico, na huku nyuma zege la pale iliporukia limechimbuka vipande vipande. Na watu wa kampuni wanashangilia! Shemeji yangu akasema hao wamelewa. Hapana bwana, walikuwa wameshasema mapema kwamba ikipita mnara bila kuubomoa, siku imekuwa nzuri. Kila aliyepiga makofi alijua ni nini kinapimwa.

Sasa mimi. Mashine yangu ya kusaga njugu niliundia Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, na kitu kilichotunyima usingizi ni shafti, ile nondo inayozunguka, ilikuwa inapinda kila tukiweka mzigo. Siku ya kuijaribu watu wakajaa, majirani, watu wa kanisa, shemeji naye na marafiki zake, na niliwaambia kabisa jamani hii ni testi. Ikasaga, ikasaga, halafu mota ikaanza kutoa moshi. Mafundi wangu wakakumbatiana kwa sababu shafti imesimama wima! Wale wengine wakaona moshi tu. Mpaka leo kuna mtu hapo mtaani ananiita "Moshi" na anadhani nimezoea. Sijazoea. Lakini mashine hiyo sasa iko sokoni Kalerwe inasaga kila asubuhi, na shemeji anakuja kuomba apimiwe ya bure.

Kwa hiyo vijana, testi ya kwanza funga mlango. Ita watu wanaojua shafti ni nini. Testi ya pili pia funga mlango. Mtu ambaye hajui unachopima hawezi kufurahi na wewe, ataangalia moshi, na ukimwambia imeenda vizuri atakuonea huruma, na huruma ya watu inaua kazi haraka kuliko mota mbovu, mnisikie vizuri hapo.

Halafu suala la pesa, hapa ndio mnadanganyana. Roketi yao ndogo ya kwanza, Falcon 1, ilishindwa mara tatu, 2006, 2007 na 2008, ya nne ikafika kwenye mzunguko wa dunia tarehe 28 Septemba 2008, na Desemba hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, wakawapa mkataba wa dola bilioni 1.6. Musk alitumia pesa aliyopata kwenye PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni. Wewe PayPal yako ni hiyo stoo! Usiiache, ndio itanunua mota ya pili, na ya tatu, maana ya kwanza itaungua tu.

Na kama ni anga yenyewe unataka, sisi pia tulirusha yetu. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya Uganda, ilipaa Novemba 2022 kutoka Virginia, Marekani, imeundwa na mainjinia watatu Waganda waliokuwa wanasoma chuo cha Kyutech, Japani, na stesheni ya kuongea nayo ilikuwa Mpoma hapo Mukono. Sikuona mtu yeyote mtaani kwangu ameiposti. Hao watatu walipita kwenye masomo, kwa hiyo ukiona nafasi ya skolashipu imetangazwa jaza fomu usiku huo huo, na shemeji yako usimwambie mpaka upate viza.