Kabla ya Kununua Mfumo wa Mlango wa Fleti, Uliza Orodha ya Kadi Iko kwa Nani

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi katika jengo la fleti, na kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ni kutafuta mfumo wa kisasa wa mlango mkuu. Fundi wa kwanza amemshauri mashine ya alama za vidole, wa pili ya kutambua sura, wa tatu kadi. Anauliza achukue upi.

Ndugu yangu, kiti hicho nimekikalia. Nilipokikalia, jengo letu tayari lilikuwa na kila kitu cha kuonyesha wageni: kamera kila ghorofa, kisoma kadi mlangoni, taa ya kijani inawaka na mlango unaachia. Na bado vitu vilikuwa vinapotea. Baiskeli zilitoweka chini ya ngazi, vifurushi vilivyoachwa mlangoni havikuonekana tena, na kamera zilituonyesha mtu mwenye kofia akiingia bila papara, kwa kadi, kama mwenye nyumba.

Kwa kadi! Hapo ndipo nilipomwendea fundi nikamwomba orodha ya kadi zinazofungua mlango wetu. Ilikuwa kwenye kompyuta yake, si kwetu. Alipoichapa nikaona majina ya watu waliohama zamani, wafanya usafi walioacha kazi, na kadi kadhaa zisizo na jina kabisa. Zote hai.

Nikaitisha mkutano, nikapendekeza tufute kadi zote na kila mkazi aandikishwe upya. Jirani mmoja akasimama akasema mwenyekiti amepata njia ya kula. Alisema hivyo mbele ya watu niliokuwa nasalimiana nao kila asubuhi, na wengine wakacheka. Naandika haya na bado yananiuma. Nilibandika risiti zote ubaoni, kila mtu azisome. Tukafuta, tukaandikisha upya, na wizi wa pale ngazini ukakoma. Yule jirani hajawahi kuniambia pole, lakini mtoto wake sasa anaacha baiskeli chini na asubuhi anaikuta. Najivunia hilo, na sitaki kulificha.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwako halihusu mashine. Orodha iwe mikononi mwa kamati. Mtu akihama, kadi yake ifutwe siku hiyohiyo anaporudisha ufunguo. Kadi isiyo na jina isiwepo.

Sasa mashine. Kama utachukua kadi, usiridhike kuambiwa ni "ya kisasa". Kadi nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya redio ya kilohezi 125, na kazi yake ni moja tu: kutaja namba yake kwa kisomaji chochote kitakachoisogelea. Haidai uthibitisho wowote. Mtu mwenye kifaa kidogo cha kunakili anaipata namba hiyo kwa sekunde chache, na anatengeneza pacha wake. Kadi za megahezi 13.56 zinaweza kuwa bora, ila si zote. Aina iitwayo MIFARE Classic, iliyosambaa sana duniani, siri yake ilivunjwa hadharani mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Tafuta inayotumia usimbaji, yaani kufunga taarifa kwa siri, wa aina ya AES, kwa mfano MIFARE DESFire za matoleo ya karibuni. Kisha uliza swali ambalo mafundi wengi hawalitarajii: kisomaji chenyewe kimewekwa kusoma ile sehemu iliyofungwa kwa siri, au kinasoma namba ya juujuu tu? Kama ni namba tu, umelipia kufuli zuri ukaliacha wazi.

Alama za vidole mimi sizipendi kwa mlango wa watu wengi. Kadi ikipotea unaifuta na kutoa nyingine. Kidole taarifa zake zikivuja, utampa mkazi kidole gani kipya? Tena wazee na watu wa kazi za mikono vidole vyao huwa vimesagika, mashine inawakataa, nao wanabaki kusimama nje ya nyumba zao wenyewe. Hiyo ni dharau, hata kama hakuna aliyekusudia.

Kuna jambo moja sikubali ulilegezee. Kufuli la sumaku hushika kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika, linaachia. Kwa hiyo linahitaji betri ya akiba, na betri huzeeka, ipimwe. Lakini kwa upande wa ndani, mtu lazima aweze kutoka wakati wote bila kadi, bila namba, bila kumtafuta mlinzi, na king'ora cha moto kikilia kufuli liachie lenyewe. Fundi akikuambia mlango ujifunge pande zote ili mwizi asitoroke, mwondoe kwenye kazi. Watu hufa nyuma ya milango ya namna hiyo.

Kuhusu kamera nitasema kwa ufupi: badilisha nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa wingi duniani, na njia yake ilikuwa kujaribu nywila zilezile zilizotoka nazo kiwandani.

Halafu wakazi. Jamani, wakazi! Tumelelewa kumshikia mwenzetu mlango, na ni malezi mema. Lakini mlango mkuu wa fleti si wako peke yako. Unapomshikia mtu usiyemjua, umemfungulia na yule bibi wa ghorofa ya juu anayeishi peke yake. Mwambie kwa upole, "Samahani, tumia kadi yako." Mwenye kadi hatakasirika. Wenzangu walinicheka kwa kulisema hili kila mkutano, nami niliendelea kulisema. Na ule mkono wa juu unaourudisha mlango ukilegea, utengenezwe leo, maana mlango usiofika mwisho haujafungwa, hata kisoma kadi kiwe cha bei gani.

Basi ndugu yangu, chukua kadi zenye usimbaji, pamoja na simu ya mlangoni yenye picha kwa ajili ya wageni. Ila kabla hujasaini mkataba, mketishe fundi mbele ya kompyuta ya kamati na umwambie akuelekeze huku wewe ukiongeza kadi moja na kuifuta, kwa mkono wako, kwa nywila yako. Akisema kazi hiyo ataifanya yeye kila utakapompigia, mshukuru na umwite fundi mwingine.