Shule za Uingereza wakati wa vita
Kuna anayeuliza kama shule za Uingereza zilifungwa miaka yote 6 ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapana, hazikufungwa miaka yote hiyo. Zilizofungwa kwa muda ni za miji mikubwa kama London, maana kuanzia tarehe 1 Septemba 1939 watoto na walimu wao walipakiwa kwenye treni wakapelekwa vijijini, na huko madarasa hayakutosha ikabidi wasome kwa zamu, wenyeji asubuhi wageni mchana, wengine kwenye kumbi za kanisa. Nafundisha historia sekondari ndo maana naijua hii. Ila wengi walirudi mjini ndani ya miezi michache coz mabomu yalikuwa bado hayajaanza, wakakuta shule zao bado zimefungwa, hao ndo walikosa masomo kwelikweli na inauma. Na michezo haikufa, kila mtoto alikuwa na maski ya kujikinga na gesi ya sumu kwenye kiboksi cha kadibodi, wakiwa kwenye mazoezi ya kuivaa wakapuliza kwa nguvu mpira wa maski unatetemeka shavuni unatoa mlio kama ushuzi, darasa zima kicheko. Asubuhi baada ya mabomu waliokota vipande vya chuma njiani, wakabadilishana wakati wa mapumziko.