Maswali ya Wasomaji: Spora za Marchantia na za Bacillus

SWALI: Mhariri, nasoma kwamba livawoti aina ya Marchantia polymorpha, ule mmea bapa wa kijani unaotambaa penye unyevu, hutoa spora. Bakteria wa udongoni Bacillus subtilis naye hutoa spora. Je, ni kitu kimoja? Maabara nitazitofautishaje?

JIBU: Zinafanana jina tu. Spora ya Marchantia ni ya kuzaliana: yai likisharutubishwa, hukua kifuko ambacho seli zake hugawanyika kwa meiosisi (mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu), kila moja ikatoa spora nne. Bacillus hutengeneza spora anapokosa chakula. Seli moja hujenga spora moja ndani yake, kisha hupasuka. Idadi haiongezeki hata kidogo, kwa hiyo msiiite njia ya kuzaliana. Bakteria huyu huongezeka kwa kujigawa sehemu mbili.

Kumpata Bacillus, koroga gramu 1 ya udongo katika neli yenye mililita 9 za maji yaliyotakaswa, weka neli hiyo kwenye maji ya nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 10, kisha pakaza mililita 0.1 juu ya agari ya virutubisho, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. Acha kwenye nyuzi 30 kwa saa 24 hadi 48. Wanaoharibu jaribio hili mara nyingi huanza kuhesabu dakika mapema mno, neli ikiwa bado ya baridi. Tumbukiza kipimajoto katika neli ya pili yenye maji kiasi kilekile, uhesabu kuanzia hapo inapofika 80. Joto hilo huua seli za kawaida, spora hubaki hai; kwa hiyo yanayoota yametokana na spora za Bacillus na jamaa zake, si subtilis peke yake. Kuchemsha hakuziui zote. Ukimaliza, takasa vyombo kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, dakika 15.

Kwa Marchantia, usichokonoe vile vikombe vya juu ya mmea. Vipande vya kijani vilivyomo, vinavyoonekana kwa macho, ni gema: nakala za mmea wenyewe. Spora zimo chini ya vimwavuli vya mmea wa kike, vile vyenye miale kama vidole. Kifuko kilichokomaa hutoa unga wa manjano uliochanganyika na nyuzi zilizojisokota, ambazo hujikunja zikikauka na kuzirusha spora.

Kwa hadubini, ukuzaji wa mara 400 unatosha kuona spora za Marchantia. Za Bacillus zina urefu wa takriban mikromita 1 tu, hivyo tumia lenzi ya mafuta, mara 1,000. Zipake rangi ya malakaiti kijani juu ya mvuke dakika 5, suuza, kisha paka safranini, rangi nyekundu: spora hubaki kijani, seli huwa waridi.