Mkwe wangu anataka kuniogesha

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mi ni mzee wa miaka 63 niko Tanga, mwaka jana nilipata stroki mkono na mguu wa kulia vikalegea. Mke wangu alishafariki, naishi kwa kijana wangu ambaye alfajiri anaenda kazini nabaki na mkewe. Binti ana adabu sana, ila juzi kaniambia baba njoo nikuogeshe, yaani nilitamani ardhi ipasuke. Sa hivi naoga mwenyewe nimesimama nimeshika ukuta, siku zingine siogi kabisa. Nifanyeje bila kumuudhi?

JIBU: Pole baba. Kumuonea haya mkwe si kosa, na yeye pengine alijikaza tu kutamka. Kilichonitisha ni huko kusimama kwenye povu na mkono mmoja, ukiteleza ukavunja nyonga hapo utaogeshwa, utageuzwa na utalishwa, upende usipende.

Msaada si lazima uupokee wote. Mkwe achote maji, ayachanganye, aweke kiti cha plastiki kigumu chenye mikono halafu atoke zake. Wewe uoge umekaa, ndoo iwe kushoto, na maji uyapime kwa mkono wa kushoto maana baada ya stroki upande ulioathirika mara nyingi hausikii moto vizuri, unaweza ukababuka usijue. Mgongo tumia dodoki lenye mpini mrefu, ulishike kwa mkono wa kushoto. Kazi ipo kwapa la kulia na ndani ya kiganja kama vidole vimejikunja, jasho linakaa humo ngozi inachubuka, hapo akusafishe kijana wako akirudi na apakaushe vizuri, kwani nani kasema kuoga ni asubuhi tu? Akikosa nafasi mtafute kijana wa kiume mumlipe. Shati anza kuvaa mkono unaoumwa, kuvua anza na mzima, wa mazoezi tiba watakuonyesha na ukizoea utavaa mwenyewe.

Ila huyo binti usimnyamazie, atadhani umemkasirikia. Mwambie tu, "Mwanangu nashukuru sana, kuniogesha mwachie mumeo, wewe nisaidie maji." Utaona atakavyoshusha pumzi! Na mlango usiufunge kwa komeo, weka pazia, ukiita aweze kukufikia.