Fonti ya vikaratasi vya nywila

SWALI: Shikamoo mzee. Nina steshenari Ilemela, Mwanza. Wanafunzi wakija kuomba vyuo nawafungulia akaunti, halafu nawachapia nywila kwenye kikaratasi kwa Arial saizi 9. Kesho yake wanarudi: "Dada, haifunguki." Wanachanganya I kubwa, l ndogo na 1. Kuna fonti nyingine, isiyo ya kununua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chapa jina la wilaya yako kwa Arial ulitazame vizuri. Ilemela inaanza na vijiti viwili, na huwezi kujua kipi ni kipi. Tunalisoma kwa sababu tunalijua. Nywila haikisiwi.

Kwenye kompyuta yenye Windows, shuka kwenye orodha ya fonti hadi Verdana. Mwingereza Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft, ikatoka 1996, enzi ambazo skrini zilikuwa na nukta chache na maandishi madogo yakisomeka kwa taabu. Carter alianza kwa kupanga nukta zenyewe, ndipo akachora umbo la herufi kuzifuata. Ndiyo maana herufi zake ndogo zina kimo, tumbo la "e" liko wazi, na herufi hazibanani. Kwa shida yako: I kubwa imewekewa kipande juu na chini, 1 ina kikanyagio, l imeachwa mstari mtupu. Hutazichanganya hata kwa saizi 8.

Sifuri na O bado zinakaribiana, sifuri ni nyembamba tu. Hizo usizitie kabisa kwenye nywila. (Na waambie wabadilishe wenyewe wakifika nyumbani, tafadhali!)

Ila usiipeleke kwenye mabango. Inakula nafasi, na ikikuzwa inakaa kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. IKEA, kampuni ya samani yenye asili ya Uswidi, waliacha fonti ya Futura wakaingia Verdana mwaka 2009, wapenzi wa uchapaji wakalalamika sana, nami nilikuwa upande wao. Mwaka 2019 kampuni ikahamia Noto Sans.

Ukiwatumia wanafunzi kwa WhatsApp, tuma PDF, si faili la Word. Simu nyingi za Android hazina Verdana. Zitaweka fonti nyingine bila kukuuliza, na I na l zitarudi kufanana.